Kuku wa Mtoto

Mtoto wetu alizaliwa Lukafu, asubuhi, mbele ya mwanamke aliyekuwa akitwanga mihogo, na mimi baba yake sikuwa na habari mpaka alipokwisha kupewa jina. Hakutoka tumboni mwa mtu. Alitoka mdomoni mwa mwenzangu wa masomo, aliyekuwa amekaa kando yangu kwenye kigoda, akautamka uongo ule bila hata kupepesa macho. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Watu wengine wa habari hii nimewaacha bila majina kwa heshima. Huyu namwacha bila jina kwa wivu.

Nianze mwanzo, maana najijua, nikiachiwa nitaanzia mwisho. Miaka ile nchi ilikuwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, na sote tuliitwa sitwayeni, yaani raia, mkubwa kwa mdogo. Baba yangu alikuwa fundi cherehani katika Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi. Tai zilikuwa zimepigwa marufuku, kila karani alitaka abakosti, koti lisilohitaji tai, ya kuvaa ofisini, kwa hiyo baba alishona abakosti kutwa kucha na hakulalamika. Kule ng'ambo ya reli bomba refu la kiwanda cha shaba lilitoa moshi, na mji mzima uliutazama moshi ule asubuhi kabla ya kutazamana. Ukiuona, unajua watu watakula. Sisi nyumbani ni Waislamu wa asili ya Maniema, wengi wa sindano, wachache wa shule. Mimi ndiye niliyetumwa shuleni, nikaenda, nikanogewa, sikurudi tena kwenye cherehani.

Nilipomaliza lisansi, shahada yangu ya sosholojia, nikasikia chuoni kunafunguliwa masomo mapya ya juu: maendeleo ya kimataifa na afya ya dunia. Nikampelekea baba habari hiyo kifua mbele. Hakuinua macho kwenye kitambaa.

"Dunia yote?" akauliza. "Na Kamalondo banaachia nani?"

Nilicheka. Nilikuwa kijana, nilidhani ni mzaha.

Darasa letu lilikuwa chumba kilichokuwa zamani maabara ya kemia. Kila meza ilikuwa na sinki yake iliyokauka, na ukiisahau unadondoshea kalamu humo. Tulikuwa wachache: madaktari wawili watatu, bwana shamba mmoja mwenye usingizi mwingi, mimi, na yeye. Yeye alikuwa muuguzi mwenye shahada, binti wa wafanyabiashara Wakristo waliotoka Kasai zamani wakajenga nyumba mtaani Hewa Bora. Alikaa mbele. Alibisha. Mwalimu wetu mkuu, Mbelgiji mzee mwenye moyo mzuri na jasho jingi, alipotufundisha habari za dunia ya tatu, yeye alinyoosha mkono akauliza dunia ya kwanza na ya pili ziko avenyu gani, ili akitoka hapo apite kusalimia. Mzee wa watu alicheka mpaka akavua miwani.

Neno la kwanza aliloniambia mimi lilikuwa hili: "Weye sosiologi, unajua kupima homa?"

"Hapana."

"Sasa unapimaka nini?"

Kuanzia saa ile nikawa mtu wake, kama alinitaka au hakunitaka.

Tulifundishwa mengi mazuri. Tulifundishwa kwamba bei ya shaba huko masokoni Ulaya na kuharisha kwa mtoto wa kijijini ni kamba moja, ukivuta huku inatikisika kule. Nilipenda sana somo lile. Nilikuwa nikirudi Kamalondo kwa miguu, napita baa na mafundi na mama wauza makaa, nikiona kamba hiyo kila mahali. Ila nikiri, nusu ya mapenzi yale hayakuwa ya somo. Nilikuwa naufikiria mgongo wake mbele yangu, na jinsi alivyokuwa akiandika huku ameuma ncha ya ulimi.

Mwaka ukafika katikati, tukagawanywa wawili wawili twende vijijini kwa kazi ya kumalizia. Mimi na yeye tulipewa Lukafu: tuulize akina mama juu ya watoto waliofariki, kwa ugonjwa gani, maji yalitoka wapi, walikula nini. Na mapema kabisa mwalimu alitutangazia kwamba kazi bora itabeba nafasi ya kwenda Ulaya kusomea udaktari wa falsafa. Nafasi moja. Wote tulisikia neno moja, na wote tulijifanya hatukulisikia.

Tulikwenda na lori la mfanyabiashara wa mahindi, juu ya magunia matupu, wakati wa baridi ya kiangazi, vumbi mpaka kwenye kope. Chifu alitupokea vizuri. Mimi nilipewa nyumba ya wageni, yeye akalazwa kwa mjane jirani. Kesho yake tukaanza kazi, nyumba kwa nyumba. Jambo mama, jambo sana, karibuni, kaeni. Wanatupa munkoyo tunywe, kile kinywaji kitamu cha mahindi na mizizi. Tunauliza maswali ya maji, wanajibu. Ya shamba, wanajibu na kuongeza. Tukifika kwenye swali la watoto waliofariki, mama anatazama pembeni.

"Hapana. Batoto beko bote."

Nyumba ya pili, batoto beko bote. Ya tatu, vilevile. Wiki zikapita. Kwa karatasi zetu, Lukafu hakuna mtoto aliyewahi kufa tangu Mungu aumbe udongo. Mwalimu alikuja kutukagua na Landrova, akasoma, akasoma tena, uso ukamng'aa. Akasema huenda ni hewa safi ya uwanda wa juu wa Kundelungu. Akasema jambo hili linaweza kuitikisa Ulaya. Mwenzangu alinikanyaga mguu chini ya meza mpaka nikataka kulia. Maana sisi tulikuwa tumekwisha kupita njia ya nyuma ya kijiji, tukaona vilima vidogo vya udongo, vifupi, na juu ya kila kimoja kikombe cha bati kilichotobolewa kitako.

Mwalimu akaondoka na furaha yake. Sisi tukabaki na aibu. Asubuhi iliyofuata tukaenda kwa yule mama wa mihogo, mtu wa makamo, mwembamba, sauti nzito. Tulikuwa tumekwisha kumuuliza mara moja akatujibu kama wenzake. Safari hii mwenzangu hakutoa karatasi. Alimwambia tu, mama, tumeyaona makaburi.

Yule mama hakuacha kutwanga. "Mama zenu beko wapi?"

"Ku Lubumbashi."

"Balibatuma mukuje kuuliza habari ya makaburi?"

Akatwanga kidogo, kisha akatueleza, taratibu, bila kukasirika. Pale kwao, mtu ambaye hajazaa ni mtoto, hata awe na mvi, hata awe na madigri. Na mtoto haambiwi habari za mtoto aliyekufa, kwa sababu kifo kile kinaweza kumfuata nyumbani kwake, kikakaa mlangoni kumngoja mtoto ambaye hajamzaa bado.

"Nyie muko bazuri," akasema. "Hatutake mupate mubaya."

Jamani! Tulikuwa tumekaa wiki zote zile tukisema watu hawa ni wagumu, wasiri, wanaiogopa serikali. Kumbe walikuwa wanatulinda. Kila mama aliyetazama pembeni alikuwa anamtazamia mtoto wangu wa baadaye. Sikujua nitazame wapi.

Hapo ndipo mwenzangu aliposema, "Shiye tuko na mumoja."

Mchi ukasimama hewani. "Muko na mutoto?"

"Eyo. Iko na nyanya yake, ku Kamalondo. Kule kwa fundi wa cherehani."

"Wa kiume?"

"Wa kiume."

"Jina yake nani?"

Na akalitaja. Palepale, kama jina alilokuwa nalo mfukoni siku nyingi, linangoja tu mwenyewe. Mimi nilimtazama, mdomo wazi. Yule mama akanigeukia akaniona hivyo, akadhani ni aibu ya baba kijana, akacheka. Halafu akaulaza mchi, akafuta mikono kwenye kitenge, akakaa chini pamoja nasi. Akatuambia wa kwanza wake. Akatuambia wa pili. Alitueleza hata walivyokuwa wakicheka, kila mmoja na cheko lake. Sasa mwenzangu alitoa karatasi, akaandika huku machozi yanaidondokea, na mimi sikuandika kitu.

Baada ya siku ile kijiji kilifunguka. Habari ilitangulia mbele yetu, na kila mlango tuliofika tulikuwa Baba Mutoto na Mama Mutoto. Walituambia mambo mpaka tukawa tunarudi hatuwezi kula. Mke wa chifu naye alipata habari, akaja akatugombeza kwa kuwaficha kwamba tu mume na mke, akahamisha mzigo wa mwenzangu kutoka kwa mjane akauleta nyumbani kwangu. Nani angembishia? Yeye akalala kitandani, mimi kwenye mkeka upande wa mlango. Asikuambie mtu, mkeka wa Lukafu mwezi wa sita ni barafu. Lakini sikuwahi kulala mahali nikashukuru kama pale.

Sasa, mtoto akishazaliwa anataka kutunzwa. Akina mama walituuliza kila siku. Anatambaa? Anasimama? Meno yametoka? Siku moja mimi nilisema kisimani kwamba mtoto ana meno, na yeye shambani akasema hana hata moja, ikabidi tujitetee kwamba habari za mji huchelewa. Tukaona hapana, hii kazi inataka utaratibu. Basi ikawa kila jioni, jua halijazama, tunakaa mbele ya nyumba na sahani yetu ya bukari na sombe, ndio ugali na kisamvu, na kabla ya kuongea habari ya karatasi tunakubaliana habari za mtoto.

"Leo amekataa uji," anaanza.

"Umetoka kwa nani, ubishi ule?"

"Kwa babake. Halafu amesimama peke yake."

"Ameshika nini?"

"Ameshika mguu ya mashini ya cherehani. Babu yake amesimamisha kazi, anamutazama."

Mwanzo ilikuwa ya kuwajibu akina mama. Sijui ni siku gani ilipoacha kuwa hivyo. Tulimaliza kazi nyumba zote, hakuna tena wa kutuuliza, na bado jioni tulikaa pale pale tukimlea. Alimpa pua yangu. Nilimpa kiburi chake. Tulibishana kama atapelekwa madrasa au shule ya Jumapili, na tulibishana kwa kweli, sauti juu, mpaka akanuna na mimi nikanuna, na mke wa chifu akapita akasema ndoa ndivyo ilivyo. Akiniita kutoka mtoni, "Baba Mutoto, kuya kunisaidia mayi," nilikuwa nakwenda mbio kama mtu aliyeitwa kazini na serikali. Nilitamani aniite vile hadi uzee. Nasema wazi, nilitamani hivyo kuliko shahada, kuliko Ulaya, kuliko kitu chochote nilichokiomba kabla ya hapo.

Siku ya kuondoka yule mama wa mihogo alitufuata mpaka kwenye lori na kuku jike mweupe kwapani, amemfunga uzi mwekundu mguuni. Kwao mtoto akitajwa nyumbani mwa mtu, naye hayupo, hutengewa kuku wake. Kuku hachukuliwi. Anakaa palepale, anataga, anaangua, na vifaranga vyote ni vya mtoto, ili siku akija akute anangojewa.

"Hii iko ya mutoto yenu," akasema. "Nitamuchungia."

Mwenzangu alimshika kuku yule kichwani, akamrudisha. Lori likaenda saa nzima hajasema neno, naye si mtu wa kunyamaza. Halafu akasema, bila kunigeukia, "Tumemuibia ule mama."

"Basi tusimuibie," nikasema. "Tumuzae ule mutoto."

Akacheka. Halafu kicheko kikamwisha, akaitazama barabara, vumbi limezifanya nyusi zake ziwe za bibi kizee. Nikaona atakavyokuwa akizeeka, nikampenda zaidi.

"Kwanza tumalize kazi," akasema. Lakini aliuacha mkono wake pale ulipokuwa, juu ya wangu.

Tuliimaliza. Ilikuwa kazi nzuri, na safari hii mwalimu hakufurahi aliposoma. Alisoma, akajifuta uso na leso kubwa. Baada ya siku kadhaa akatuita wote wawili kwenye chumba kile cha masinki. Kazi yenu ndiyo ya kwanza, akasema. Majina mawili, nafasi moja. Mimi siwezi kuchagua.

Sikumwacha ahangaike. Nikasema ni yeye. Msinione mtakatifu, ilikuwa haki tu: mdomo wake ndio uliofungua kijiji. Yeye akanigeukia, mwalimu yupo, akaniuliza kwa Kiswahili ili mzee asisikie, "Nibaki?"

Neno hilo moja. Nimekaa nalo miaka, nimelila, nimelilalia. Angeniuliza leo nisingejua nitasema nini. Siku ile nilijua. Nilimjua mtu mwenyewe, nilijua angebaki Hewa Bora akiwapima watoto wa jirani homa, na kila akinitazama angeiona ndege iliyomwacha.

"Wende," nikasema. "Nitakungoja."

Uwanja wa ndege ulijaa ndugu zake, wanaimba, wanasali, mama mdogo huyu, mjomba yule. Mimi nilisimama katikati yao kama mwanafunzi mwenzake aliyekuja kuaga. Alimpa mkono kila mtu. Alipofika kwangu akaushika wangu kidogo zaidi ya wengine. "Miaka mbili," akasema kwa sauti ya chini. "Nikirudia, tunaenda Lukafu. Batatu."

Barua zilikuwa zinapotea siku zile, kwa hiyo tulitumiana kaseti. Unarekodi sauti yako, unaitafutia mtu anayesafiri, unamwomba kwa Mungu na Mtume asiisahau kwenye koti. Mimi nilirekodi dukani kwa baba, redio juu ya meza ya kukatia, na cherehani haikunyamaza kwa ajili yangu. Aliniambia anapenda kuisikia ikilia nyuma ya maneno. Yeye alirekodi chumbani kwake, na nyuma yake palikuwa kimya sana, hata gari halipiti. Alinihadithia masomo, theluji, wenzake wa Peru na wa Bangladeshi waliokuwa na vijiji vyao kama sisi tulivyokuwa na Lukafu. Na kila mara, mwishoni, sauti yake ikishuka, alileta habari za mtoto.

"Amevaa koti kwa mara ya kwanza. Mikono imesimama huku na huku, hawezi kukunja."

Na mimi namjibu: "Huku ametoboa abakosti ya mukubwa moja wa chama na mukasi. Babu yake amejifanya hakuona."

Baba alinisikia mara moja. Akaniuliza mtoto gani. Nikasema ni habari za chuo. Akarudi kwenye kitambaa chake.

Miaka miwili ikawa mitatu, maana kazi ya shahada ile hurefuka. Nilikuwa nafundisha sasa, chumba kilekile, nikiwapa wanafunzi wapya maneno yaleyale ya maendeleo, na nje bei ya shaba ilikuwa imeshuka na moshi wa bomba ukawa siku unatoka, siku hautoki. Kila nikipita Hewa Bora nilichelewesha mguu mbele ya nyumba yao. Sikuwa na shughuli yoyote mtaa ule. Nilitaka tu kupita mahali ambapo angekuwepo. Mama yangu alikuwa ameanza kuniletea majina ya mabinti wa jamaa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mcha Mungu na mpishi hodari. Nilimwambia asubiri. Akaniuliza, baba, tunasubiri nini? Maana mama zetu huwaita watoto wao wa kiume baba, na neno hilo siku zile lilinichoma.

Halafu ikaja kaseti ya mwisho. Nikaiweka kwenye redio, nikakaa. Sauti ilikuwa yake, nzuri, imetulia. Amemaliza. Shirika moja kubwa la huko limempa kazi ya kuzunguka nchi na nchi. Aliniuliza hali ya mama, ya baba, ya mwalimu. Aliniambia nimekuwa mtu mwema kwake na kwamba hatanisahau. Nikangoja. Nikasikia akivuta pumzi, na chombo kikalia tak.

Hakumtaja mtoto.

Niligeuza upande wa pili. Ulikuwa mtupu. Niliusikiliza wote, mpaka mwisho, ule mvumo tu, na baba akaupunguza mwendo wa cherehani bila kuniuliza kitu. Baadaye watu wa kwao walileta habari kwamba ameolewa kule. Nilikuwa nimeshajua. Nilijua kwenye mvumo ule.

Ulikuwa mwezi wa sita tena, baridi na vumbi, nimekaa dukani peke yangu. Baba amekwenda msikitini, mama yuko kwa jirani. Nikamwona mwanamke mwembamba anavuka barabara na kikapu kichwani, anauliza kila mlango. Nilimsikia kabla sijamtambua, kwa ile sauti nzito.

"Kwa fundi wa cherehani, iko hapa? Kwa nyanya ya mutoto?"

Nikasimama. Akaniona.

"Baba Mutoto!"

Eh, alivyofurahi! Alikuja na lori la mahindi, alikuwa na ndugu yake mgonjwa mjini, akasema hawezi kufika Lubumbashi asimwone mtoto. Akatua kikapu. Ndani mlikuwa na kuku jike mweupe, mguuni uzi mwekundu. Si yule, akasema, yule alikufa, huyu ni mjukuu wake. Wengine wako kule, wamejaa uwanja, wamemshinda kuwahesabu. Akaangaza macho ndani ya duka, chini ya meza, nyuma ya mlango, mahali ambapo mtoto wa umri ule angejificha akiona mgeni.

"Iko wapi?"

Nilikuwa na njia ya mkato. Ningesema amekufa. Angekaa chini pale kwenye vitambaa, angelia pamoja nami, na angejua la kuniambia kuliko mtu yeyote, maana alizika wake. Kwa kweli niliitaka faraja ile. Nilikuwa nimefiwa na sikuwa na mtu hata mmoja wa kunipa pole. Nikafungua mdomo. Sikuweza. Nilimwona mtoto amesimama ameshika mguu wa cherehani.

"Iko na mama yake," nikasema. "Ku Ulaya."

"Anasoma?"

"Anasoma."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Halafu akanitazama vizuri, nadhani ndipo aliponiona nilivyokonda. "Mama yake atamurudisha?"

"Sijue."

Lilikuwa neno la kwanza la kweli nililompa kuhusu mtoto yule. Akanishika mkono na mikono yake miwili, ile iliyokakamaa kwa mchi. Kisha akamtoa kuku, akaniwekea mapajani.

"Akirudia, umuambie kuku bengine banamungoja," akasema. Akabeba kikapu chake, akarudi kwenye lori.

Mama alirudi akanikuta uani, kuku anaparuaparua udongo karibu na bomba la maji. Akamzunguka, akamkagua kifua kwa macho.

"Kuku muzuri. Tutamuchinja siku ya Idi."

"Huyu hachinjwi, mama. Iko ya mutoto."

"Mutoto ya nani?"

"Ya miye."

Alikuwa amebeba ndoo. Akaitua chini. Alinitazama usoni, hakucheka, hakugomba, wala hakuniuliza mama yake ni nani.

"Jina yake nani?" akasema.

Nikalitaja. Nilikuwa sijawahi kulitamka Kamalondo, mbele ya mtu, kwa sauti, katika uwanja ule ambao tulisema ndimo anamokulia. Mama akalirudia, polepole. Kisha akaingia ndani kumtafutia kuku mahindi.